Mbuzi wa Tumsifu

Kila Januari mosi, programu ya Ratiba hufuta kwenye simu ya kila mtu jambo lolote aliloliahirisha mara nne. Tumsifu aliamka akakuta mambo yake sitini yamebaki ishirini na mawili, akafurahi kama mtu aliyetua mzigo.

"Na kwenda Moshi kwa mama?" mkewe Eliwaza akauliza, akimimina chai.

Akatafuta. Jambo hilo halikuwepo. Desemba nne mfululizo alikuwa ameisogeza safari hiyo mbele, mara kazi, mara mvua, na Ratiba haijui udhuru. Kulirudisha si kazi, ila jambo la watu wawili hurudi wote wawili wakikubali. Akamtumia mama ombi.

Chai haijapoa, sauti ya mama ikaingia, changamfu kabisa.

"Usijisumbue, mwanangu. Ratiba yangu nayo imesafishwa leo alfajiri. Kule kukungoja kumeondoka, nimeamka mwepesi! Yule mbuzi niliyekuwa nakufugia tunamchinja sasa hivi, majirani wameshafika."

Eliwaza akaweka birika chini taratibu.

Kwenye kioo cha simu, Ratiba ilikuwa ikimpongeza Tumsifu: amepata siku tano zilizo wazi mwezi Desemba. Angependa kuzijaza na nini?