Kiungo cha Tausi

Tausi alimvamia Buibui, anayezikagua tovuti zote za msituni na kuzipanga kwa nafasi, hasira zimempanda hadi kishungini.

"Mwezi mzima nimeisuka tovuti yangu kwa JavaScript, lugha ya kurasa zenye madoido, halafu wewe unanitupa mkiani? Bata, na ukurasa wake wa maandishi matupu, yuko kileleni! Amekuhonga nini?"

"Bwana Tausi, mimi hufuata viungo tu. Milango yako yote ya ndani ni vitufe vya kubonyeza, nami sibonyezi. Niliishia sebuleni."

"Na kwa Bata ulifikaje?"

"Kwa kiungo pekee nilichokikuta kwako: 'Njooni mcheke tovuti ya Bata.' Kwangu kiungo ni kura, hata kikiwa cha kejeli."

Tausi alikimbia kukifuta. Alichelewa: ndege wote wanaomwiga walikuwa wameshakibandika kwenye tovuti zao.