Ishara ya Mwenyewe

Mluzi wa kwanza ulipotoka kichakani, fundi friji alimshukuru Mungu na rafiki yake, kwa mpangilio huohuo.

Baba mkwe mtarajiwa alisimama ghafla katikati ya njia, mkono juu, kama anayesimamisha treni. Na treni alizisimamisha kweli. Alikuwa dereva wa reli mpaka alipostaafu, na hata leo, ndani ya msitu wa hifadhi ya ndege, kofia ya kazi ilikuwa kichwani.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nini, baba?" fundi akauliza, uso mkavu kama mlango wa friji.

"Mwenyewe!"

Ndivyo watu wa hifadhi walivyomwita ndege yule. Hakuna aliyewahi kumwona vizuri. Walimjua kwa sauti tu: milio miwili mifupi, kisha mmoja mrefu unaopanda kama swali. Asubuhi ile, getini, mwongoza wageni aliwavunja moyo mapema. "Msimu huu hajasikika kabisa, nisiwadanganye," alisema, akawaonyesha njia, akarudi haraka kwa wageni wenye kamera kubwa.

Fundi hakuvunjika moyo. Yeye alikuwa na Spika.

Spika ni fundi mwenzake, mtu anayeiga chochote: mbuzi, king'ora, hata bosi wao. Wiki nzima alijifunza mlio wa Mwenyewe kwenye simu, mpaka wateja wakawa wanauliza ni friji gani hiyo inayolia vile. Walikubaliana atangulie kwa bodaboda, ajifiche nyuma ya daraja la kamba, na akiona kofia ya reli, apige.

Ujanja wote huo ni kwa sababu ya sharti la mzee. "Mimi sijawahi kuondoa treni kituoni bila ishara," alimwambia fundi siku alipokwenda kumwomba binti. "Na binti yangu haondoki nyumbani bila ishara."

Ishara yenyewe ilikuwa hiyo ya ndege. Enzi za ujana wa mzee, wafanyakazi wa kituo, wa kike kwa wa kiume, walikuja kutembea hapahapa, wakatawanyika msituni. Yeye akabaki peke yake akiwaza: amwoe yule karani wa tiketi au aachane naye? Akauliza kwa sauti. Mwenyewe akajibu. Kesho yake posa ikapelekwa.

Hadithi hiyo mzee aliisimulia njia nzima ndani ya basi. Mama, ambaye ndiye karani wa tiketi, aliangalia dirishani kama abiria aliyechoshwa na tangazo lilelile.

Mama alikuwa upande wa fundi tangu siku alipomfufulia friji yake. Ila leo hakuwa na msaada. Getini alijitupa kwenye benchi, akasugua magoti. "Nendeni nyie wenye miguu. Mwanangu, kazana."

Sasa mzee alikuwa ananyata. "Mlio mmoja ni bahati tu," alisema. "Watu wa reli hatuamini taa moja."

Akakata kushoto, akaiacha njia, akaruka gogo, akaelekea mbali kabisa na daraja. Fundi akahisi ndoa yake inayeyuka kama barafu iliyokatiwa umeme. Huku Spika atafikaje?

Mluzi ukatoka karibu yao, nyuma ya mti wenye mizizi mikubwa.

Jamaa ana mbio! fundi akawaza, karibu apige makofi.

Mzee alivua kofia, akaikumbatia kifuani, akaukabili msitu. "Mwenyewe," akaita, "huyu kijana nimpe binti yangu?"

Kimya. Jani likaanguka. Jasho la fundi likapita shingoni likiendelea na safari zake. Mzee akaanza kurudisha kofia kichwani, taratibu, kama mtu anayefunga mazungumzo.

Ndipo mlio ukaja: miwili mifupi, kisha ule mrefu ukapanda, ukapanda, ukakatika ghafla.

"Kapaliwa?" mzee akakunja uso.

"Uchungu wa kuachia binti, baba," fundi akamjibu upesi, huku akiapa moyoni kwamba Spika ataacha sigara hata kwa viboko.

Mzee macho yakamlowa. Akamkumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Ishara imeshuka, kijana. Ondoka na abiria wako."

Walipotoka msituni, mzee alipanda moja kwa moja juu ya kichuguu kutafuta mtandao, ampigie binti. Fundi akabaki getini na chupa yake ya maji, akitabasamu peke yake kama mjinga. Bodaboda ikafunga breki mbele yake. Abiria aliyeshuka alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi.

"Kaka, nisamehe!" Spika alihema. "Pancha ya kwanza, tukaziba. Ya pili, tukasukuma. Ndiyo nafika. Nielekeze hilo daraja, naingia sasa hivi!"

Fundi alimtazama Spika. Akautazama msitu. Vinyweleo vikamsimama. Kwa hiyo hakikuwa kiini macho. Ndege ambaye msimu mzima hajasikika ametoka leo, kwa ajili yake, fundi friji wa watu! Akaanza kupiga magoti.

Kabla hayajafika chini, matawi yakatikisika. Mama akatoka kichakani mbio mbio, kitambaa cha kichwa upande, majani yamemjaa mabegani. Akamnyang'anya chupa ya maji, akainywa yote bila kupumua.

"Baba yenu nilimpigia mluzi mara moja tu akaleta posa," alisema, akijifuta midomo. "Wewe umenikimbiza msitu mzima, na mdudu nimemeza."