Futari ya Saa Tisa

"Magharibi imeingia, futuruni," simu ilitangaza saa tisa mchana, na kabla wanawake waliojaa uani hawajakatisha umbea wao, bibi yake Zubeir, asiyeona, alikuwa ameshang'ata tende.

Jana Zubeir aliihamishia programu yake ya futari kwenye seva ya Ulaya, inayohesabu saa tatu nyuma ya Kisarawe, akasahau kuiamuru simu iongeze saa hizo.

"Mtaalamu!" shangazi alimnong'oneza. "Umemfuturisha bibi yako juani!"

Ilikuwa siku ya mwisho ya nadhiri. Bibi alifunga ili mjukuu wake apate kazi.

Akatema kokwa kiganjani, ikang'aa kwa mate. Kisha akainua uso.

"Zubeir, baba, mbona magharibi ya leo inanichoma hivi?"