Kamshafti ya Kimya

Fundi Shomvi aliweka juu ya gunia kamshafti mbili, vyuma vinavyozunguka na kusukuma tapeti ili vali za injini zifunguke.

"Bwana Kisoma, hii ya tapeti ngumu itakupa mbio, ila vali zitagonga kama zamani. Ile ya tapeti za mafuta ni kimya, lakini mashindano usahau."

Mbio ndizo zilizokuwa maisha ya Kisoma. Lakini mlio ule wa vali ndio mkewe aliokuwa akiusikia tangu konani, akamfungulia geti kabla hajapiga honi. Tangu wamzike, kila jioni vali zinagonga na geti halifunguki.

"Nifungie ya kimya," akasema.

Gari lilipokuwa tayari, alilisimamisha mbele ya geti. Honi hakupiga.

"Leo hajanisikia tu," alijiambia, macho hayabanduki getini.