Sauti ya Shekue

Tangu apasuliwe koo, Shekue hakuweza kutamka neno. Binti yake Nasra alihangaika na kompyuta yao kuukuu yenye mfumo wa Linux, akitafuta programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Ya kwanza iligoma kusakinishwa, ya pili haikujua Kiswahili. Ya tatu ikakubali. Akairekebisha lugha na mwendo, akamsogezea baba yake kibodi.

"Haya baba, sema lolote."

Shekue akaandika jina la mkewe.

"Mwanasha!" kompyuta ikaita, kwa sauti kavu ya kijana asiyejulikana.

Jikoni, Mwanasha akajifunika mtandio upesi. "Nani mwenzangu? Karibu, mwenyewe yupo ndani."

Nasra akamtazama baba yake. Vidole vya Shekue vilikuwa vimeganda juu ya kibodi.