Amethisti ya Dirishani

Bi Rukaya alifungua pindo la khanga, akatoa jiwe jeupe kama kioo, akaliweka mbele ya sonara.

"Mansuri mwanangu, nithibitishie. Tausi, mfanyakazi wangu, kaiba amethisti ya marehemu mume wangu, lile jiwe la zambarau, kaniwekea hili. Nimeshamfukuza."

Mansuri aliligeuza. Akauona ufa mdogo alioutia mwenyewe alipokuwa akilichonga.

"Lilikuwa likikaa wapi, mama?"

"Dirishani. Tausi alilifuta vumbi kila siku."

"Basi ni lilelile. Amethisti ikikaa juani miaka mingi, zambarau yake huisha. Hairudi."

Tausi alikuwa ameondoka na basi la alfajiri. Kwao ni wapi, Bi Rukaya hakuwahi kumuuliza. Jua la mlangoni likafika mezani. Akalifunika jiwe kwa viganja vyote viwili.