Sauti ya Mpishi

Mpishi mweusi alipotokea ukutani, watu katika ukumbi wa kanisa pale Tensta, huko Uswidi, walianza kucheka kabla Aristide hajasema neno. Walijua kinachokuja.

Filamu ilikuwa ya zamani, ya makauboi, na sauti yake ilikuwa imezimwa. Aristide ndiye aliyeshika maiki, kama enzi zile kwenye chumba cha video Bukavu, alipokuwa akiwatafsiria watazamaji na kumpa kila mtu sauti yake. Alimpa sherifu sauti nzito. Mpishi hakuwa na jina wala bunduki. Kazi yake ilikuwa kubeba sufuria na kuogopa.

"Ndi-ndiyo, bwana. Sa-samahani, bwana." Aristide alikunja na mgongo kabisa. Mama mmoja alifuta machozi ya kicheko kwa kitenge.

Binti yake wa miaka tisa, aliyekaa mbele, hakucheka. Alimvuta shati, akamwuliza kwa Kiswidi, kama anayetaka tu kujua:

"Papa, kwa nini huyu anaongea kama wewe ukiongea na mwalimu wangu?"

Jumanne walikuwa shuleni pamoja. Aristide alikalia kiti kidogo cha darasani na kuitikia kila alichosema mwalimu.

Sasa alijaribu kunyoosha mgongo, ukakataa. Maiki ilikuwa imelowa jasho.

"Tafsiri basi, Aristide," mtu alisema kutoka nyuma.

Ukutani, mpishi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.